Kusomea Maroboti Mpaka Uzamili: Njia Inapitia Wapi kwa Sisi wa Ndalambo?



Kwanza tuwekane sawa kwenye neno lenyewe, maana sisi watu wa mpakani tuna matatizo yetu. Ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde, Mzambia akikuelekeza "nenda mpaka kwenye roboti, halafu kata kushoto", usianze kutafuta mashine yenye mikono. Anamaanisha taa za barabarani. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini ndivyo wanavyoziita. Ndiyo maana nilipomwambia mjomba wangu kwamba nataka kusomea maroboti mpaka nipate uzamili, aliniuliza kama nitaajiriwa na TANROADS.

Robotiki ninayoiongelea hapa ni elimu ya kutengeneza mashine inayohisi kilichoko mbele yake, inaamua, halafu inatenda. Vitu vitatu hivyo vikikamilika, una roboti. Mashine ya kusaga haimo, maana yenyewe inasaga hata ukiiwekea mawe. Lakini mashine inayotazama kila punje ya mahindi kwa kamera na kuipuliza pembeni ile iliyooza, hiyo imo, hata kama haina kichwa wala miguu. Neno roboti lilianzia kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Czech, mwaka 1920, na kwa lugha ya kwao linatokana na neno la kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo tangu mwanzo jamaa alikuwa anafikiria kibarua, hakuwa anafikiria sinema.

Kwa nini naandika haya? Mimi ni mtoto wa Ndalambo, wilaya ya Momba, nimemaliza kidato cha sita kwa PCM, na kwa sasa najishikiza Tunduma kwenye steshenari moja nikiwajazia watu fomu za vyuo na mikopo. Pale kwenye kompyuta naona mengi. Kuna kijana wa mtaani kwetu (jina nalihifadhi) ambaye mama yake aliuza magunia ya mahindi ili amlipe mtu aliyejiita wakala wa vyuo vya ughaibuni. Aliahidiwa nafasi ya uzamili wa robotiki. Alipewa barua yenye nembo nzuri kichizi, basi, mpaka leo hakuna safari. Kilichoniuma ni kwamba yule kijana ana diploma tu. Uzamili hauingii kwa diploma, popote pale penye akili. Angekuwa anajua hilo moja, mahindi ya mama yake yangekuwa bado ghalani.

Halafu kuna langu binafsi. Mjomba ana ofisi ya uwakala wa forodha hapa mpakani, malori yako kibao, na anataka nianze naye kazi moja kwa moja. Chuo anaona ni kupoteza miaka. Nimemwomba anipe muda mpaka dirisha la maombi lifungwe, na haya hapa ndiyo niliyokusanya wakati huo. Wengine yatawafaa.

JINA LA KOZI LINADANGANYA

Hili ndilo la msingi kuliko yote, soma taratibu. Ukikaa kafe ukaandika neno robotiki kwenye orodha za kozi za vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, utapata majibu machache sana, na wengi wanaishia hapo wakisema "Bongo hakuna". Mambo yenyewe yapo, ila yamejificha kwenye majina mengine. Robotiki ni mchanganyiko wa fani nne: ufundi mitambo, umeme na elektroniki, kompyuta, na ile hesabu ya kuidhibiti mashine isitoke nje ya mstari. Kwa hiyo tafuta mekatroniki. Tafuta otomesheni. Tafuta uhandisi wa umeme wenye kipengele cha udhibiti. Tafuta mifumo pachikwa, yaani zile kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya mashine, kama iliyomo kwenye mashine yako ya kufulia (wewe ambaye unayo). Siku hizi hata akili mnemba inaingia humo.

Hata Wamarekani walianza hivyo. Chuo cha Carnegie Mellon kilianzisha taasisi yake ya robotiki mwaka 1979, na programu ya PhD yenye jina hilo ikaja 1988, ya kwanza duniani. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatengeneza maroboti wakiwa na vyeti vya umeme, mitambo au kompyuta.

Mfano wa karibu zaidi uko Kongo. Mwaka 2013 Kinshasa waliweka maroboti makubwa ya alumini kwenye makutano ya barabara, yanaongoza magari, yana kamera na yanatumia umeme wa jua. (Mjomba alifurahi sana niliposoma hapo, akasema "si nilikwambia taa za barabarani!") Mwaka 2015 yakaongezwa mengine matatu. Aliyeyabuni ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA, chuo cha ufundi cha pale pale Kinshasa, akawa na kundi la wanawake wahandisi. Hakusubiri kozi iitwe robotiki. Na jina lake nalo! Kirongozi kwa Kiswahili cha zamani ni mtu anayetangulia kuonyesha njia.

NDANI YA DARASA WANAFANYA NINI?

Watu wanadhani uzamili wa robotiki ni kuchomelea vyuma kutwa nzima. Sehemu kubwa ni hesabu na kuandika programu. Ngoja niwamegee mambo matatu makubwa kwa lugha ya mtaani.

La kwanza ni hesabu ya mwendo. Shika kikombe cha chai halafu kipeleke mdomoni. Bega limezunguka nyuzi kadhaa, kiwiko kadhaa, kifundo kadhaa, na kikombe hakijamwagika. Roboti lazima aambiwe kila kiungo kizunguke kiasi gani ili mkono ufike pale pale, na hiyo inafanywa kwa matriksi. Sisi tuliosoma mtaala ule wa zamani, kidato cha nne tulikuwa na mada ya matriksi na mageuzi, ile ya kuzungusha nukta nyuzi 90 kwenye grafu. Darasa zima lilikuwa linauliza "hii itatusaidia nini maishani?" Basi ndiyo hiyo. Mkono wa roboti wa kiwandani unatumia jambo lile lile, tofauti ni kwamba namba ni nyingi zaidi na ziko kwenye pande tatu.

La pili ni udhibiti. Umewahi kuangalia boya ndani ya tangi la maji? Maji yakipungua boya linashuka, koki inafunguka. Yakijaa linapanda, koki inafunga. Hakuna mtu anayelinda pale. Boya linapima, linalinganisha na kiwango kinachotakiwa, linarekebisha. Droni inayosimama hewani kwenye upepo inafanya mchezo wa boya mamia ya mara kwa sekunde, kwa mota nne kwa mpigo. Hapo ndipo kalkulasi ya kidato cha tano na sita inapoanza kulipa deni lake.

La tatu ndilo ninalolipenda. Umeme ukikatika usiku, wewe nyumbani kwenu unatembea gizani mpaka kwenye kiberiti bila kugonga meza, kwa sababu ramani ya chumba iko kichwani na unapapasa ukuta kujua umefika wapi. Roboti anapelekwa kwenye nyumba ambayo hajawahi kuiona, hana ramani, na vihisio vyake vinadanganya kidogo. Anatakiwa achore ramani na wakati huo huo ajue yuko wapi kwenye ramani ambayo bado anaichora. Ni noma. Hilo tatizo limewatoa watu PhD nyingi, na bado watu wanalifanyia utafiti. Kinachotumika pale ni hesabu ya uwezekano, ile ya kurusha shilingi na dadu, imekomaa.

Mwishoni kuna tasnifu. Uzamili wa vyuo vyetu kwa kawaida ni miezi 18 mpaka miaka miwili, sehemu masomo, sehemu utafiti. PhD, yaani uzamivu, ni miaka mitatu kwenda juu, na kule ni lazima utoe kitu kipya ambacho duniani hakikuwepo.

MLANGO UNAFUNGULIWA NA NINI

Tukirudi nyuma hatua kwa hatua. Kuingia uzamili Tanzania unahitaji shahada ya kwanza, na TCU wanataka angalau GPA ya 2.7 kwenye mizani ya 5. Hiyo ni ya kuingilia mlangoni tu. Ukitaka kugombea ufadhili, 2.7 haikufikishi mbali. Ukitaka baadaye uajiriwe chuo kikuu kama mkufunzi msaidizi, kigezo ni GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza, na ukifika uzamili uwe na 4.0 ndipo uwe mhadhiri msaidizi. Zishikeni hizo namba mapema. Mtu akizijua akiwa mwaka wa tatu inakuwa ameshachelewa kuzirekebisha.

Shahada ya kwanza ya uhandisi ni miaka minne. Kuingia huko kutoka kidato cha sita unahitaji ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu, jumla ya pointi zisizopungua 4. Ndiyo maana PCM, PGM na sasa PMCs ndizo zenye njia fupi. Kwa wale wa kidato cha nne ambao hawakwenda advansi, msijione mmeachwa: unaingia diploma ya ufundi, ukitoka na GPA ya 3.0 unaruhusiwa kuomba shahada. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini mtu wa diploma anafika chuo kikuu akiwa ameshashika mota na saketi kwa mikono yake, wakati mwenzangu na mimi wa PCM tumechora tu mota kwenye daftari. Kwa maoni yangu kwa fani hii mtu wa diploma ana faida, ila watu wanaidharau.

Kwa sisi wa Songwe chuo cha karibu cha kuanzia ni MUST pale Iyunga, Mbeya, kilomita mia na kitu kutoka Tunduma. Kilikuwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi 2005, kikawa chuo kikuu 2012. Kina umeme, mitambo na kompyuta. Wengine wanakwenda DIT Dar, au Arusha Technical College ambako kuna shahada ya umeme na otomesheni. Mkopo wa HESLB unaombwa kila mwaka, na tangu 2023/24 hata baadhi ya kozi za diploma za sayansi na ufundi zinakopesheka. Halafu kuna ufadhili wa Samia ulioanza 2022 kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Hapo nitanyamaza kuhusu matokeo yangu mwenyewe.

Piga hesabu: miaka minne, jumlisha miwili, jumlisha mitatu minne ya PhD. Ukianza na miaka 20 unamaliza karibu na 30. Mjomba alipoisikia hiyo alikohoa.

UZAMILI BILA KUPANDA NDEGE

Arusha, pale Tengeru, kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilianza kupokea wanafunzi 2011 na ni ya uzamili na uzamivu tu, hakuna shahada ya kwanza. Ndani yake kuna kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha TEHAMA kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani, kinachofundisha uzamili uitwao Embedded and Mobile Systems. Hilo ndilo jina la kuandika kwenye kompyuta. Ni mifumo pachikwa ile niliyoitaja, na wanafunzi wanakaa pia kwenye kampuni kufanya mradi halisi. Kwa mtu anayetaka robotiki bila kutoka nje ya nchi, naona hapo ndipo karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina uzamili wa umeme, elektroniki na kompyuta. Hapo unatafuta msimamizi ambaye utafiti wake unagusa udhibiti au maono ya kompyuta, halafu tasnifu yako inakuwa ya robotiki hata kama cheti hakisemi hivyo.

Kenya wametutangulia kwenye mekatroniki, tuseme ukweli. JKUAT pale Juja, chuo kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa Japani, kina mekatroniki kuanzia shahada ya kwanza mpaka uzamili. Dedan Kimathi pale Nyeri nao wana mekatroniki, na wana mafunzo ya vyeti vya Siemens. Na ndani ya JKUAT kuna tawi la Chuo Kikuu cha Afrika, PAUSTI, lililoanza 2012, ambalo Umoja wa Afrika umekuwa ukifadhili wanafunzi kutoka nchi zote wanachama, Tanzania ikiwemo. Wengi huku kwetu hawajawahi hata kulisikia. Unapanda basi mpaka Namanga, unavuka, umefika ughaibuni kwa nauli ya basi.

Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon, hao hao wa PhD ya 1988. Limekuwepo tangu 2011, linatoa shahada za uzamili za uhandisi, kompyuta na akili mnemba, na digrii inatoka chuo mama. Mastercard Foundation waliweka pesa nyingi pale 2022 ili vijana wa Kiafrika wasome. Kuna utafiti wao mmoja umenifurahisha: wanatafuta roboti anayehudumia watu aheshimu vipi mila za Kiafrika, mathalani amsalimie mkubwa namna gani, atumie mkono upi. Hebu fikiria roboti ameingia Ndalambo hajui kusema shikamoo. Atafukuzwa na bibi siku hiyo hiyo.

NA WANAOTAKA KUPANDA NDEGE JE?

Ulaya kuna Erasmus Mundus, ambapo unasoma nchi mbili au tatu ndani ya miaka miwili. Kwa robotiki kuna programu kama IFRoS (Girona ya Hispania, Budapest na Zagreb) inayohusu maroboti ya kazi za nje, shambani na baharini. Anayepata ufadhili halipi ada, na tangu 2021 posho ni euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake ni dunia nzima, usijidanganye.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada kubwa, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa sisi wa nje ya Ulaya tangu 2017. Kitu kinachowakamata watu ni akaunti maalumu ya viza: kuanzia Septemba 2024 walitaka uonyeshe euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Kwa hiyo ukisikia "Ujerumani shule bure", muulize anayekwambia kama ana milioni 30 za kukuazima. Bila DAAD au mfadhili mwingine, ni ndoto ya mchana. DAAD wenyewe kwa programu nyingi wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya digrii. Chevening ya Uingereza hivyo hivyo, miaka miwili ya kazi.

China ndiko Watanzania wengi wanakoenda. Ufadhili wa serikali yao unalipa ada, bweni, na posho ya yuani 3,000 kwa mwezi kwa uzamili, 3,500 kwa uzamivu, mwisho miaka 35 kwa anayeomba uzamili. Chuo cha teknolojia cha Harbin kina jina kubwa sana kwenye maroboti. Baridi ya kule ni habari nyingine. Japani kuna MEXT, na kuna mpango wa ABE wa JICA ulioanza 2014, unaochanganya uzamili na kufanya kazi kwa muda kwenye kampuni ya Kijapani. Huo umewalenga vijana wa Afrika hasa.

Marekani mambo ni tofauti. Kule mtu anaweza kutoka shahada ya kwanza akaingia PhD moja kwa moja, na wanaokubaliwa PhD mara nyingi wanalipiwa ada na kupewa posho kwa kusaidia utafiti na kufundisha. Uzamili wa kule ndio ghali, huo unalipa mwenyewe. Watu wengi hawajui, wanaomba uzamili kwa sababu unaonekana mdogo, halafu wanakwama kwenye ada.

Sasa tahadhari, kwa ajili ya yule mama wa magunia. Erasmus Mundus, DAAD na Chevening hawatozi hata senti kwenye maombi. Mtu akikuomba pesa ya kukuombea Chevening, anakula pesa yako. TCU wana utaratibu wa kusajili mawakala wa vyuo vya nje, muulize namba yake kisha uihakiki kwa TCU wenyewe, usihakiki kwa shemeji yake. Na ukirudi na digrii ya nje, TCU ndio wanaoitambua, kwa hiyo hakikisha chuo kinatambulika kwao kabla hujaondoka.

Ukitaka kuona mtu mweusi aliyefika mwisho wa njia hii, mtafute Ashitey Trebi-Ollennu wa Ghana. Alisoma sekondari ya ufundi Takoradi, akaenda Uingereza akapata PhD, na tangu 1999 yuko NASA. Mkono wa roboti uliopanga vifaa kwenye sayari ya Mirihi baada ya chombo cha InSight kutua Novemba 2018, yeye ndiye aliyeongoza timu yake. Halafu akarudi kusaidia kuanzisha mafunzo ya robotiki kwa vijana wa Ghana, 2011.

CHA KUFANYA UKIWA KAFE LEO

Mwaka 2012 Mghana mwingine, Ayorkor Korsah, mwenye PhD ya robotiki ya Carnegie Mellon, pamoja na Ken Goldberg wa Berkeley, walianzisha mtandao wa robotiki wa Afrika na kutangaza shindano: tengeneza roboti ya kufundishia kwa dola 10. Mshindi mmojawapo, Thomas Tilley aliyekuwa Thailand, alitengeneza moja kwa dola 8.96. Alitumia nini? Padi ya kuchezea gemu, ile ya mtindo wa PlayStation. Mota zilizomo ndani zinazotetemesha padi akazifanya za magurudumu, na pipi mbili za kijiti zikawekwa kama uzito wa kusawazisha. Jamani, vibanda vya gemu Tunduma vina padi mbovu ngapi zinazotupwa?

Na kama huna hata padi, fungua Tinkercad kwenye kompyuta ya kafe. Ni bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, huhitaji kusakinisha kitu ambacho mwenye kafe atakufokea. Unaunganisha saketi ya Arduino ya kuigiza, unaandika programu, taa inawaka, mota inazunguka. Mwenye kompyuta yake anaweza kwenda mbele na ROS, programu huria zilizoanza 2007 ambazo maabara nyingi za robotiki duniani zinatumia, na Webots ya kuigizia roboti, ambayo imekuwa bure tangu mwishoni mwa 2018. Kuna pia kitabu cha Lynch na Park kiitwacho Modern Robotics cha 2017, waandishi wenyewe wameweka nakala ya bure mtandaoni. Nimekipakua. Nimesoma sura mbili, ya tatu bado inanipiga chenga.

Walioko shuleni bado, kuna Young Scientists Tanzania, mashindano ya miradi ya sayansi ya sekondari yaliyoanzishwa 2011, na kuna MAKISATU ya serikali tangu 2019. Mradi wako ukionekana pale, ukija kuomba ufadhili una kitu cha kuandika zaidi ya "napenda sana teknolojia".

Bado kuna swali la mjomba, na ni swali la haki: ukishasoma yote hayo, utafanya kazi gani? Ajira zenye jina la mhandisi wa roboti Bongo ni za kuhesabu kwa vidole. Zenye kazi hiyo hiyo kwa jina jingine zipo: viwanda vya saruji, bia na soda vinaendeshwa na otomesheni na vinahitaji watu wa kuitunza. Vyuo vinahitaji walimu. Droni zimeshaingia, mwaka 2016 wanafunzi wa SUZA walizirusha kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba nzima. Na wapo watakaosoma, wakakosa, wakaenda ughaibuni kubeba maboksi wakiwa na uzamili wao. Hilo nalo lipo, sitaki kuwapamba.

Lakini mimi nina wazo langu la tasnifu, naliweka hadharani na mwenye mbio kuliko mimi alichukue. Huku Momba, mpunga ukikaribia kuiva kule bonde la Kamsamba, watoto wanakosa shule kwa kuamia ndege. Wanashinda shambani toka alfajiri wakipiga debe na kurusha mawe, kwelea kwelea wakija kama wingu. Droni inayowatambua kwa kamera wakiwa mbali, ikaruka yenyewe, ikawafukuza, ikarudi kuchaji kwenye jua: kuna kuhisi, kuna kuamua, kuna kutenda. Tatizo ni kwamba ndege wanazoea vitisho haraka, na betri ya droni ndogo haikai angani hata saa moja. Hapo ndipo utafiti wenyewe ulipo. Mwandishi wa kitabu wa Marekani hawezi kuliandika hilo, hajui hata maana ya kuamia.

Dirisha la maombi likifunguliwa nitaomba MUST, umeme kwanza, mitambo ya pili. Mjomba nimeshamwambia. Amesema sawa, ila likizo zote nitakaa ofisini kwake kujaza nyaraka za malori, na kama kuna roboti ya kujaza nyaraka nianze na hiyo.

Walioko Arusha pale Nelson Mandela, au Juja, au Harbin, tupeni habari hapo chini: ada ya sasa ni kiasi gani, na msimamizi unampataje? Mwenye swali la fomu naye aulize, nipo kafe mpaka saa kumi na mbili jioni.